Ngome Iliyorudi Konani

Chini ya jengo letu hapa Najma, mtaa wa jiji hili la Waarabu, kuna mkahawa wa chai ya karak, na kila Ijumaa alasiri harufu ya iliki hupanda hadi dirishani ikiwa imechanganyika na moshi wa dizeli wa mabasi ya makampuni. Wengine wakiisikia wanatamani chai. Mimi hufunga dirisha. Sijawahi kumwambia mtu sababu, kwa hiyo nawaandikia nyinyi, maana ukiandika huhitaji kumtazama mtu usoni.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama ni muuguzi, na chumba tunachokaa kilitokana na kazi yake. Baba alikuwa mlinzi wa mlangoni katika jengo la maduka, na kampuni yake ilitaka walinzi wote walale kambini, kule Industrial Area, eneo la viwanda nje ya mji, mwenye mke mjini na asiye naye. Basi baba yangu akawa mgeni wetu wa Ijumaa. Basi la kampuni liliwashusha asubuhi karibu na kituo cha mafuta, na kabla ya adhana ya Magharibi liliwachukua. Aliyechelewa aliandikwa na kempbosi, yule msimamizi wa kambi, na aliyeandikwa sana alirudishwa kwao. Hayo Mama aliyasema kila wiki, mpaka nikawa nayasikia kama matangazo ya hali ya hewa.

Tukitoka kanisani, kwa sababu huku ibada ni Ijumaa, tulikula ugali, kisha Baba akatandaza ubao wa sataranji kwenye mkeka. Vipande vilikuwa vya plastiki. Ngome yangu moja ilikuwa imepotea, kwa hiyo tulitumia kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, na Baba alikiheshimu kuliko vipande vyote. "Mheshimiwa Kikohozi anatoka," alikuwa akisema, na Mama alicheka hata siku ambazo hakutaka kucheka.

Sasa msinicheke. Kwa akili yangu ya wakati ule, mchezo ukiwa haujaisha Baba hangeondoka. Mtu hainuki katikati ya mchezo; yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kwa hiyo Ijumaa moja, nikiwa nimebanwa kabisa, kijiaskari chake kimebakiza hatua moja tu kigeuke malkia, nilimsogeza Kikohozi kijumba kimoja kutoka konani. Baba akasogeza mfalme wake. Nikamrudisha Kikohozi konani. Baba naye akamrudisha mfalme.

"Umerudi tena, Nafula?"

"Nimerudi."

"Haya. Na mimi narudi kwangu."

Mama alipita na beseni la nguo. "Nyinyi mnacheza ama mnapiga deki? Baba Nafula, saa inaenda."

"Mtoto anafikiria."

"Anafikiria nini? Si ni kifuniko kilekile?"

Huko nje basi likapiga honi. Nikamwangalia Baba. Hakuinua kichwa. Likapiga tena, kisha nikasikia breki zikipumua na injini ikienda zake, na dizeli ikaingia ndani pamoja na ile iliki. Nilimrudisha Kikohozi konani nikijiona fundi. Baba alikaa hadi chakula cha jioni, ndipo akashuka kutafuta teksi. Mama aliosha sufuria zote kwa kelele.

Tulifanya hivyo Ijumaa nyingine, na nyingine tena. Siku moja niliwasikia jikoni, Mama akidhani nimelala.

"Unajua watakachokufanya."

"Najua, Mama Nafula. Niache nikae kidogo."

Halafu ikaja Ijumaa aliyofika na begi. Kempbosi alikuwa amemaliza naye, na ndege ilikuwa jioni ileile. Mimi niliambiwa anaenda likizo, lakini nilikuwa nimeona uso wa Mama. Tulipocheza nikaanza tena: toka konani, rudi konani, toka, rudi. Nilikuwa tayari kucheza hivyo hadi ndege iende bila yeye. Baba akautazama ubao kwa muda, kisha akaninyooshea mkono juu yake kama wanavyofanya watu wazima.

"Sare, Nafula."

"Sare ni nini?"

"Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa."

Nilifurahi mno. Sikuwa nimewahi kumaliza mchezo na Baba bila kushindwa. Nilimkimbilia Mama kumwambia, naye akageukia sinki akafungulia maji, na hakukuwa na chombo hata kimoja cha kuosha.

Hakurudi. Moyo wake ulisimama kule Bungoma kabla sijafika darasa la tano, na tulimzika kwa simu, binamu akishika kamera, picha ikiganda kila mvua ilipozidi. Ilipokwisha, Mama alivaa sare yake ya kazi akaenda zamu.

Mwaka huu nilijiunga na klabu ya sataranji shuleni, kwa kuwa ndiyo klabu pekee ambayo hakuna anayekulazimisha kuongea. Mwalimu alitueleza kwamba mkao uleule wa vipande ukitokea mara tatu, mchezo unaweza kuisha sare. Lakini hauishi wenyewe. Mmoja wenu lazima adai. Msipodai, mnaendelea. "Na hakuna anayeweza kurudia peke yake," akaongeza. "Mwenzake lazima akubali kurudi naye."

Wengine waliandika. Mimi nilikuwa nakiona kijiaskari cha Baba, hatua moja kutoka mwisho wa ubao, Ijumaa baada ya Ijumaa, na mwenyewe asikisukume. Alijua sheria. Alijua na habari ya lile basi. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyemzuia asiondoke.

Wiki iliyopita nilicheza na msichana mdogo, mpya, mwenye haya kama mimi. Nilipombana akaanza kwenda na kurudi na ngome yake, macho chini. Nikarudi naye. Mara ya tatu ikapita, na nyingine. Mwalimu akainama kando yangu.

"Nafula, hukuona?"

"Niliona, mwalimu."

"Mbona basi husemi?"

Nikamrudisha mfalme wangu mahali pake, nikangoja yule mtoto acheze.