Taa ya green iliwaka, gari haikuja: vile project ya oxygen karibu iniulie mtoto

Wakuu, mko poa? Hii sikuambiwa na mtu, ni mimi ilinipata. Nikiongeza chumvi, majirani wangu wako humu, wanikosoe.

Siku uvumilivu wangu uliisha nilikuwa nimesimama kwa shed ya buying center, pale tunauzia majani chai, mtoto wangu Imma mgongoni, na kijana wa project, ule hupenda kuitwa Engineer, akaniambia mbele ya watu:

"Mama, taa ilikuwa green. Taa ikiwa green system iko sawa. Labda hukuelewa training."

Hukuelewa training. Mimi.

Nilichomwambia siandiki hapa, moderator asinifungie.

Wacha nianze mwanzo.

Naishi upande wa Kapkatet. Baba alitoka kwetu ziwani kuja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa kwa estate, nikasoma mpaka Form Four, nikaolewa huku huku. Imma ni kijana wangu, ana miaka miwili na ana asthma. Si ile ya kukohoa kohoa. Ni ile mbavu zinaingia ndani.

Project ikaja. Jina siweki. Wamama wenye watoto kama wangu tukapewa kidude cha kubana kidoleni. Kinapima oxygen, kinarusha reading kwa antenna iko juu ya ridge, antenna inapeleka clinic. Reading ikiwa mbaya, sista anatuma gari na mtungi wa oxygen. Simu huku mvua ikianza ni pambo tu, ndio maana kidude kililetwa.

Na tukaambiwa: usitoke kwa nyumba, gari itakupita njiani.

Kilikuwa na taa. Ukituma, inawaka orange. Orange ni kusema imetuma lakini clinic haijaitika, kwa hivyo inatuma tena, na tena. Clinic ikiitika, inakuwa green.

Hiyo hatukuhitaji mwalimu. Ukiwa kwa majani na unataka mtu wa ng'ambo, si unaita? Asipoitika unaita tena. Huwezi kukaa chini ati kwa sababu mdomo yako imemaliza kazi yake.

Shida ikawa miti. Kuna blue gum zimesimama mbele ya antenna, na ukungu ukishuka orange inakaa, inakaa, mpaka betri inaisha. Tukalalamika. Mtu mwenye akili angekata matawi ama asogeze antenna.

Sasa wageni wa kutoa pesa za project wakawa wanakuja. Na mnajua sisi na wageni. Wageni wakija hata mbwa mwenye makelele anafungwa.

Engineer akakusanya vidude vyote, ati update. Vikarudi vikiwa vizuri ajabu. Unabonyeza tu, green! Wageni wakapiga picha, wakanywa mursik, yale maziwa ya kibuyu, wakikunja uso, sisi tukawapigia makofi ya kilo.

Haikupita muda, mvua ya mchana ikaanza na Imma akaanza kuvuta pumzi ile mbaya. Nikapima. Namba ilikuwa chini ya ile tulifunzwa kuogopa. Nikatuma. Green. Nikasema asante Yesu, gari inakuja.

Nikakaa.

Nikapima tena, imeshuka. Nikatuma. Green. Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi na mimi nimekaa hapo naangalia taa kama mjinga, kwa sababu niliambiwa nisitoke.

Aliyeniokoa ni Mama Chebet, jirani wa ng'ambo ya shamba. Alisikia mtoto akilia, halafu kilio kikakatika. Akaita:

"Mama Imma wee! Gari imefika?"

"Bado! Lakini ni green!"

"Green ni nini? Toka na huyo mtoto!"

Bwana yake akatubeba na nduthi yake ya bodaboda kwa hiyo matope mpaka hospitali. Imma aliwekwa oxygen. Daktari akaniambia, "Mngekawia kidogo..."

Tulipotoka nikapitia kwa sista wa project. Akanigeuzia screen yake. Ya siku hiyo, hakuna kitu. "Mama Imma, kwangu haikufika. Nilijua mko wazima."

Ndio tukaitana kwa shed, na Engineer akanitolea ile maneno ya training. Nilipomaliza kumtusi akaamua kutufunza. Ati ile ya kungoja clinic iitike ilikuwa inaleta complaints, so wakaitoa. Sasa green inawaka kidude kikishatuma tu, ifike isifike. "Na tangu tubadilishe, complaints ni zero."

Alisema hivyo akitabasamu. Nafikiri alikuwa anangoja makofi.

Mama Chebet akamuuliza, "Engineer, wewe ukiita bibi yako jikoni, huwa unajiitikia mwenyewe halafu unangoja chakula?"

Shed nzima ilianguka kicheko. Mimi sikucheka.

Nikaandika barua na mkono wangu, nikapeleka ofisini kwao Kericho town. Msichana wa reception akaniambia, "Weka tu hapo." Nikakataa. Akagonga muhuri. Nikamwambia, dadangu, muhuri pia ni taa ya green. Soma kwa sauti, nisikie umesikia. Akaruka mstari, nikamrudisha. Alipofika mwisho hakuwa ananiangalia usoni.

Funzo ni moja: usiamini kitu inajisifu imetuma. Uliza nani ameitika. Kama umewahi kuonyeshwa green ya uongo, ya hospitali, ya ofisi, ya chochote, weka hapa chini. Na usinipitie kimya, kimya ndio ilitaka kuniulia mtoto.

Barua yenyewe ni hii:

*KUH: MALALAMIKO RASMI*

*Nalalamika kwamba mlizima jibu la clinic kwa vidude vya watoto wetu ili taa zipendeze wageni. Mtoto wangu alikosa hewa nikingojea gari ambayo hakuna mtu aliitwa kuleta.*

*Nataka jibu lirudishwe, hata kama ni orange siku nzima. Nataka ile miti ikatwe. Nataka kila mama aambiwe ukweli kabla mvua ingine inyeshe.*

*Jumatatu nitakuja kuchukua jibu lenu. Nisipopata, nitaileta hii barua tena. Na tena. Mpaka muitike.*

*Mama Imma*