Rafiki Yangu Aliutoa Unyagoni Wimbo wa Mama Yangu

Hamjambo wana ukurasa. Admin, nifichie jina, na kijiji changu pia usikitaje. Mimi ni bibi wa miaka themanini na tatu, mjane, nipo huku Lindi upande wa Mtama. Simu hii nimenunuliwa na mwanangu, kwa hiyo mkiona herufi zimerukaruka msinicheke. Nina jambo limenikaa kifuani tangu enzi za ujamaa, na wiki hii limeamka upya.

Mama yangu alikuwa kungwi. Huku kwetu kila kungwi alikuwa na wimbo wake wa kuwatolea nje wali, wale wasichana anaowafunda, siku ya mwisho. Wa mama aliutunga mwenyewe, na alipokaribia kufa akaniachia mimi, pamoja na ukungwi wake. Maneno yake siyaandiki, maana humu mna wanaume, na mambo ya unyagoni wanaume hawayasikii. Hata haya machache nayasema kwa sababu hamnijui.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Sikudhani, siyo jina lake. Tulichezwa ngoma pamoja, mama yangu akatufunda sote wawili. Tulipohamishwa kutoka kwenye mikorosho yetu tukapangwa kijiji kipya, nyumba yake ikawa ubavuni mwa yangu. Chumvi ikiniishia nachukua kwake bila hata kubisha hodi. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji akatangaza kuwa wageni wa mkoani wanakuja kuona shamba la pamoja, akina mama watafute wimbo. Sikudhani akasema, "Niachieni mimi, nishatunga. Nyie mtaitikia tu." Wageni wakafika, akasimama mbele, akafungua kinywa. Jamani, ulikuwa wimbo wa mama! Maneno kaweka jembe na umoja na kujitegemea, lakini sauti ni ileile, mapigo yaleyale, hata pale mama alipokuwa akivuta pumzi na yeye alivuta palepale. Wanawake tuliochezwa tukainamisha vichwa. Wanaume wanapiga makofi, mume wangu naye yumo, anatikisa mguu kwa furaha. Tulipofika nyumbani ananiuliza, "Mbona umenuna, na wimbo mzuri vile?" Nikasingizia kichwa kinauma.

Kesho yake nikamfuata Sikudhani uani kwake, anapepeta mtama. Nikamwambia, "Mwenzangu, umeutoa nje wimbo wa mama." Hata ungo hakuuweka chini. Akasema, "Maneno ni yangu. Kama wimbo ni wa mama yako, simama mkutanoni uwaambie wanaume aliuimbia wapi." Alijua siwezi. Hapo ndipo nilipomjua mtu niliyekula naye sahani moja. Aliuchagua ule makusudi, kwa sababu mwenye nao hawezi kuudai.

Watu wa redio wakaja wakaurekodi, ukavuma mpaka kwa ndugu zangu wa Njinjo. Msimu uliofuata nikawatoa wali kwa wimbo wa mama, kama alivyoniachia. Wasichana wakaanza kuchekana. Mmoja akaropoka, "Kungwi, huo si wimbo wa Bi Sikudhani wa redioni?" Yaani mwizi nikawa mimi! Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwenye msiba wa mama. Sijauimba tena mpaka leo.

Sasa kuna kijana mwanamuziki wa Dar ametoa wimbo, na watu wanasema ameuiba wa Sikudhani. Wajukuu wa Sikudhani wamekuja juu. Ijumaa wanakuja waandishi wa habari, na kati ya wote tulioimba siku ile tumebaki mimi na yeye. Wajukuu wakanifuata. "Shikamoo bibi. Tunaomba uwe shahidi, useme wimbo ni wa bibi yetu. Vijana wa siku hizi hawana haya, wanaiba jasho la wazee." Nikaitikia marahaba tu.

Jana nikaenda kumwona Sikudhani mwenyewe. Macho yake hayaoni tena, amelala tu kitandani. Nilidhani ataniomba msamaha, na Mungu ni shahidi wangu, nilikuwa tayari kumsamehe. Akanishika mkono, akasema, "Dada, nisitiri. Wakati ule ulinyamaza, hata sasa hutashindwa."

Ndugu zangu, safari hii hata kunyamaza siruhusiwi. Nikisema kweli, nitakuwa nimeuanika unyago mbele ya vipaza sauti, jambo ambalo mama asingenisamehe. Nisiposema, wataniuliza wimbo huu ni wa nani, na kinywa changu mimi, mtoto aliyeachiwa wimbo, ndicho kitakachomtaja Sikudhani. Nishaurini, na nyie akina mama mliochezwa mnitangulie kunishauri. Ijumaa nijibu nini?