Mama Penseli

Ofisini wanamwita Mama Penseli, na jina hilo alilianzisha bosi wake, mkaguzi wa hesabu wa siku nyingi. Sheria ya mzee haina mjadala: asiye na leseni hagusi wino. Afanye kazi yote, aweke alama kwa penseli, mwenye leseni atasaini. Basi penseli ya yule mama hushinda sikioni, hata anapokunywa chai. Akijumlisha hunong'ona kama anayebembeleza mtoto, na hesabu zikikataa kulingana huvua viatu chini ya meza. Siku alipofeli mtihani wa kodi kwa mara ya pili, mzee alivisikia viatu vikidondoka mapema asubuhi. Yule mama naye alimeza machungu, akachonga penseli, akaendelea.

Leo leseni imefika. Mitihani kaimaliza, miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi kaitimiza, bodi imeridhika. Mzee ananyoosha mkono achukue faili asaini. Mazoea yana taabu.

"Hilo liache, mzee. Hilo langu."

Anasaini kwa wino, polepole, jina lote mpaka la babu, viatu viko miguuni. Kisha anachomoa penseli sikioni na kumwekea mzee juu ya faili.

"Ukiona kosa, weka alama kwa hii."

Mzee anapekua kurasa zote, kosa halioni. Mwishowe anaipachika ile penseli nyuma ya sikio lake mwenyewe, anarudi nayo mezani kwake kifua mbele, kama vile aliyepandishwa cheo ni yeye.