Mieleka ya Jumamosi, Runazi

Nilipofungua banda la video pale Runazi, nilitegemea mpira. Msimu ulipoisha mabenchi yakabaki matupu, ndipo nikaanza kuweka mieleka Jumamosi mchana, watu wakitoka gulioni. Ikashika. Wanaume waliacha viroba vya mihogo mlangoni wakaingia kutazama mibaba ya Ulaya ikirushana nje ya kamba.

Mteja wangu wa uhakika alikuwa bibi mmoja aliyekimbia vita Burundi, akaishia kulima maharage huku kwetu. Alikaa benchi la mbele, kanga mabegani. Aliyeangushwa akiinuka, bibi alipiga kofi moja la polepole.

Siku moja akaja kijana wa mauzo wa kampuni ya ving'amuzi, amepanda pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alitaka kujua kama mieleka ina soko huku. Nikamwambia watu ninao, soko silijui. Akasema biashara sasa inakuja vijijini, na wakubwa wake wanafikiria hata kuleta mashindano mkoani. Kisha akamwinamia bibi.

"Shikamoo bibi. Unajua mambo haya hupangwa? Hakuna anayeumia hapo."

"Marahaba," alijibu bibi, macho kwenye luninga.

Kijana alipoondoka nilimuuliza bibi kama alimsikia.

"Hilo nalijua siku nyingi, mwanangu. Aliyepigwa kweli haamki namna ile. Nimewaona waliopigwa." Akaonyesha luninga kwa kidevu. "Hawa wanaamka. Ndiyo maana nakuja."

Nikaongeza sauti ya luninga.

Mashindano hayakuja. Mieleka ikahamishiwa kwenye kifurushi cha juu, banda langu halikukiweza. Vijana nao wakaanza kuitazama vipande vipande kwenye simu, wamekaa juu ya bodaboda zao wakisubiri abiria. Nikajaribu sinema zilizotafsiriwa, nikajaribu muziki. Mwishowe nikachoka kuwasha jenereta kwa ajili ya benchi moja. Nikashusha dishi, banda nikampangisha mnunuzi wa mahindi.

Hakuna aliyemwambia bibi. Jumamosi iliyofuata alifika kama kawaida, akakuta magunia yamepanda hadi kwenye mabati. Nikamweleza habari ya kifurushi, nikamweleza habari ya simu. Alisikiliza yote.

"Basi nipumzike kidogo," alisema. "Nimetoka mbali."

Akakaa juu ya gunia, pale lilipokuwa benchi la mbele. Tuliongea habari za mvua, na maharage yaliyoozea shambani. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akaenda.

Siku hizi nalima tu. Mara moja moja tunakutana gulioni, nami humwamkia.

"Marahaba. Wale watu wako hawajarudi?"

"Bado, bibi."

Najua hawatarudi, na nadhani yeye pia anajua. Humsaidia kujitwika mzigo wake, kila mtu akashika njia yake.