Kangaga Lililooshwa Kama Sufuria

Mimi ni mtu wa hasira, na nikiwa na mtoto mchanga hasira inakuwa mara mbili. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele.

Nyumbani kwangu Arua, kati ya ukuta wa bafu la nje na pipa la maji, nilikuwa na kangaga moja. Moja tu. Watu wa mtaani waliliita majani ya mtoni, na wengine waliuliza kama linaliwa. Haliliwi. Halitoi ua, halina harufu, halifukuzi nyoka. Kazi yake ni kwamba kila jani jipya linatoka limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha linajifungua polepole, na wewe umesimama hapo na kikombe cha chai, umesahau kwamba uji unafurika jikoni.

Lilitoka Logiri, kwenye chemchemi ya kwetu. Mama yangu mzazi alilichimba kwa mikono yake nikiwa naolewa, akalifunga kwenye jani la mgomba. "Usilipeleke juani," aliniambia, "na usilipe mbolea ya mbuzi, litaungua." Mwaka uliofuata akafa. Baadaye chemchemi ikajengewa saruji na kuwekewa bomba. Maji sasa ni safi, sikatai, watoto hawaharishi kama zamani. Lakini makangaga yote yalifyekwa, ukingo mzima ukabaki kipara. Nilizunguka pale mpaka viatu vikajaa matope, sikupata hata jani. Lile la kwangu ndilo lililobaki.

Nikalitunza kwa ukali. Dumu la lita ishirini nililikata katikati, chini nikaweka vipande vya tofali na mkaa, juu udongo mweusi wa kwenye migomba. Kiangazi, upepo wa vumbi ukianza, nililitundikia gunia lililoloweshwa kama pazia. Mume wangu, mtu wa Koboko, alikuwa akicheka.

"Mimi nikiumwa utanitundikia gunia?"

"Ukitoa jani jipya, ndiyo."

Nikiwa na mimba ya miezi minane, niligeuza jani nikaona vidoa. Mistari miwili ya vidoa, vimepangwa kama vifungo vya shati. Biolojia ya Senior Three sikuifaulu vizuri, lakini hilo nililikumbuka: kangaga halina mbegu. Ndani ya vidoa hivyo mna unga mwembamba kuliko vumbi, na unga huo ndio watoto wake. Nikasema, vikiiva nitavikung'uta kwenye karatasi, nitayapanda mengine, na mtoto wangu naye apate la kwake kutoka kwa bibi ambaye hatamwona. Nikasubiri viive.

Mtoto akaiva kwanza.

Mama mkwe akaja kutoka Kuluba, huko Koboko, kunihudumia, na kuku wawili na ufagio wake mwenyewe, maana fagio za mjini hazimridhishi. Kwa desturi ya kwao mtoto akiwa wa kike mama hukaa ndani siku nne. Nikakaa. Yeye Kilugbara cha kwetu hakijui vizuri, mimi Kikakwa changu ni cha salamu, kwa hiyo tunasemezana kwa Kiswahili chetu cha huku. Siku zote nne nilimsikia nje akifagia, akisugua, akiimba. Sufuria zangu, nyeusi tangu nilipoolewa, alizisugua kwa majivu mpaka zikawa kioo. Nikasema moyoni, hapa nimepata mkwe.

Siku ya tano nikatoka na mtoto. Kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya sufuria na vikombe, jua la Januari likiwaka, lilikuwapo dumu langu. Kangaga limeanikwa kama sahani. Majani yamekauka, ukiyagusa yanavunjika kama dagaa.

"Mama, hii nini?"

"Mutoto yangu, maua yako ilikuwa mugonjwa. Chini ya majani mayai ya dudu iko mingi, mingi! Mimi napanguza yote, moja moja, na maji na kitambaa. Sasa iko safi."

"Na ile maji iko wapi?"

"Natupa pale, kwa ukuta ya bafu. Kwa nini?"

Jamani. Kwa mama mkwe mtu hapandishi sauti. Nilirudi ndani, nikamlaza mtoto, nikauma mto. Kweli niliuma, alama za meno zipo mpaka leo. Mume wangu aliposema, "Lakini mama alikuwa anasaidia," nilimwambia anyamaze au akalale na kuku.

Kile kisiki kilichokufa nilikimwagilia wiki sita. Hakikurudi. Ndani ya dumu nikapanda vitunguu, kwa hasira tu. Mama mkwe akarudi kwao akijua ameniachia nyumba safi, na akipiga simu nikawa namjibu maneno mawili mawili.

Mvua zikaja. Nje ya ukuta wa bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, pakaota utando wa kijani. Sikuujali. Bafu la nani halina utando? Mwezi wa nane, mtoto sasa anatambaa, mama mkwe akaja tena na ufagio wake. Asubuhi moja naoga, nikasikia nje brashi ya waya: kwaru, kwaru. Nikachungulia juu ya ukuta. Mbele kidogo ya brashi, katikati ya ule utando, palikuwa na kimkia cha kinyonga, kidogo kama ukucha wa mtoto.

"Wacha! Usiguse!"

Nikatoka na leso kifuani na povu masikioni. Yeye ameganda, brashi mkononi.

"Wewe napigia mimi kelele?"

"Ndiyo, Mama. Napiga."

Kisha nikapiga magoti. Alidhani naomba msamaha. Nilikuwa nahesabu. Makangaga machanga yalikuwa yamebaki kumi na moja.

Akainama naye, magoti yakalia.

"Hii ni ile maua yako?"

"Ndiyo hii."

"Nani napanda yeye hapa?"

Miezi saba nilikuwa nimemwekea mama huyu maneno, makali, mengine nimeyanoa kabisa. Nikayatafuta.

"Wewe, Mama. Ile mayai ya dudu."

Alinitazama, akatazama ukuta, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye tope. "Basi mimi iko mukulima kushinda wewe!"

Sikucheka. Kidogo tu.

Alipoondoka nilimpa tofali moja la ukuta ule lililolegea, na makangaga yake mawili juu, ndani ya gunia lililoloweshwa. Liko Kuluba chini ya mtungi wake unaovuja, na nasikia mgeni akinyoosha mkono tu anapigwa kofi. Kangaga la mtoto wangu nililihamishia kwenye dumu la zamani. Vitunguu niliving'oa vyote, tukavila mchana ule ule, vikiwa bado vidogo.