Spana Ndani ya Soksi

Baba yangu husikiliza kwa mfupa. Akitaka kujua mashine inaumwa wapi, huchukua bisibisi ndefu, hugusisha ncha yake kwenye chuma, kisha huweka mpini nyuma ya sikio, pale penye mfupa mgumu, na kufumba macho. Anakaa hivyo kidogo. Halafu anasema, "Beringi ya kushoto," na vijana wa kinuni wakifungua wanakuta ni kweli.

Amefanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga miaka ishirini na miwili. Kinu kimempa jina la Grisi, kwa sababu hakuna sabuni iliyowahi kuzishinda pindo za mashati yake. Kimempa pia masikio yasiyosikia hata mlango ukigongwa. Ukitaka akusikie vizuri, unaegemeza paji la uso wako kwenye lake na kusema polepole. Sauti inapita kwenye mfupa. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba anaongeleshwa hivyo, na siku yangu ya kwanza shuleni nilimwendea mwalimu nikiwa nimetanguliza paji la uso.

Mama ni fundi cherehani. Ukutani, juu ya cherehani yake, kuna picha ya maporomoko ya maji aliyoikata kwenye kalenda mwaka niliozaliwa. Miaka kumi na sita amekuwa akisema, "Siku moja nitayaona haya." Safari ilipangwa mara tatu. Ya kwanza, mdogo wangu akazaliwa kabla ya wakati. Ya pili, mota ya kinu ikaungua. Ya tatu, shule nzima ikataka sare mpya kwa wiki moja. Mwaka huu kinu kilifungwa siku tatu: moja ya kwenda, moja ya kuona, moja ya kurudi.

"Spana haiendi likizo," Mama alisema akipekua begi la Baba. Alitoa spana mbili na bisibisi, akazipanga juu ya kabati. Soksi hakuzipekua.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa kuwauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka Mama akaniambia nikimaliza shule niende polisi.

Hoteli ilikuwa ya ghorofa mbili, na mashuka yalikuwa yamenyooshwa hadi Mama akaona haya kuyalalia. Chumba chao kilikuwa chini. Nyuma ya ukuta palikuwa na pampu. Maji ya bomba yalikuwa yakifika usiku tu na kuingia kwenye tangi la chini, kwa hiyo pampu ilikesha ikiyapandisha kwenye tangi la juu, na mlio wake, Mama anasema, ulikuwa kama mtu anayeburuta sufuria tupu kwenye sakafu ya saruji na hataki kufika anakokwenda. Alijaribu mto juu ya kichwa. Alijaribu pamba masikioni. Alijaribu kulala miguu ikiwa upande wa kichwa.

Baba hakusikia chochote, na angeweza kulala fofofo. Lakini kitanda kilikuwa cha chuma, na kichwa chake kilikuwa kimegusa bomba la kitanda.

"Mama watoto," alisema gizani, "hiyo beringi haifiki asubuhi."

Mama akamtafuta paji la uso. "Wewe umeisikia wapi?"

"Kitanda kimeniambia."

"Basi kiambie kilale."

Baba anasema hakuamka kwa ajili ya pampu. Kila Mama alipogeuka, kitanda kilimwambia hilo pia, na kilimwambia mpaka alfajiri. Ndipo akatoa soksi yake nene kwenye begi, na ndani ya soksi spana.

Mlinzi wa hoteli alikuwa mzee mwenye koti refu ambaye naye alikuwa amekerwa na mlio ule kwa wiki tatu. Alitoa ufunguo na tochi bila maswali. Baba alitarajia kazi ya dakika kumi: afungue, apake grisi, afunge. Alipotoa kifuniko, gololi za beringi zikamwagika mkononi mwake kama mbegu za papai, na mpira wa kuzuia maji ukakatika vipande viwili. Pampu haikuweza tena kurudi hata kwenye ubovu wake wa zamani.

Tangi la juu, ambalo pampu mbovu haikuwa imelijaza hata nusu, likaisha saa kumi na mbili na robo. Wa kwanza kushuka alikuwa mgeni wa ghorofa ya juu, povu nusu ya kichwa, nusu kikavu. Nyuma yake akaja meneja, mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Mzee, nani amekutuma?"

Baba alisoma midomo yake. "Mke wangu hakulala."

"Na sasa wageni arobaini hawajaoga. Fundi wetu hapatikani mpaka kesho."

"Mimi nipo leo," Baba alisema, kisha akakumbuka basi.

Basi la kwenda maporomoko lilikuwa linaondoka saa moja na nusu, na lilikuwa moja tu kwa siku. Mama alikuwa tayari kwenye kiti, upande wa dirisha, mkoba mapajani. Baba alikwenda dirishani na mikono yake myeusi.

"Nenda, mama watoto. Nimeharibu, acha nitengeneze. Utanisimulia."

Mama anasema alikaa kwenye kile kiti dakika nne nzima. Kilikuwa kiti laini sana. Halafu akashuka, na basi likaondoka.

"Mbona ulishuka?" nilimuuliza.

"Ile picha nimeitazama peke yangu miaka kumi na sita," alisema, akitia uzi kwenye sindano. "Nikayatazame na yenyewe peke yangu?"

Lakini hakumwambia Baba hivyo. Alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaegemeza paji la uso wake kwenye lake, akasema, "Maliza. Lakini nisipoyaona maji yale leo, ujue kuna siku utaniita na mimi ndiye nitakuwa sisikii."

Mlinzi alipanda baiskeli yake kutafuta beringi. Duka la kwanza hawana, la pili hawana, la tatu lilikuwa la vipuri vya pikipiki, na ile ya pikipiki ikaingia sawasawa. Ikabaki duara la mpira. Baba alikata moja kwenye tairi la ndani la baiskeli kwa kisu cha jikoni, likavuja. Akakata la pili, likavuja zaidi.

"Sogea," Mama akasema. Alifungua mkoba wake, akatoa futikamba na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi.

Baba akautazama mkasi. "Kumbe mkasi unaenda likizo?"

"Mkasi si spana."

Alipima mara mbili, akakata mara moja. Duara likakaa mahali pake kama kola kwenye shati. Saa saba mchana Baba aliwasha pampu na kurudi nyuma hatua mbili. Meneja alisubiri mlio. Hakuna mlio. Akaweka kiganja juu ya pampu.

"Imewaka kweli?"

"Nenda kafungue bomba," Baba akamwambia.

Juu ghorofani mtu alipiga kelele za furaha, na Mama ana hakika ni yule wa povu.

Lango la maporomoko lilikuwa linafungwa saa kumi na moja, na njia yenyewe ni mwendo wa saa tatu. Meneja alichomoa ufunguo mmoja kwenye ule mzigo wa kiunoni. Akawaendesha mwenyewe, kwa gari la kubebea mashuka ya kufuliwa, Mama mbele, Baba nyuma amezama kwenye mito. Hakuna aliyesinzia. Mama alikuwa akitazama saa ya kwenye gari, Baba alikuwa akitazama kisogo cha Mama.

Walifika saa kumi na nusu. Mtu wa lango alikuwa ameshaanza kufunga kidirisha.

"Kaka, hawa wameniokoa leo," meneja alimwambia.

Yule mtu aliiangalia mikono ya Baba. "Nusu saa," akasema. "Kimbieni."

Wakakimbia. Baba ana miaka hamsini na mitatu na Mama hapendi kukimbia hata mvua ikinyesha.

Mama anasema picha ilikuwa imemdanganya. Picha haina upepo, haikulowanishi kope, haitikisi ubao unaoukanyaga. Alishika uzio wa chuma kwa mikono miwili. Baba alisimama kando yake akitaka kujua anachokisikia. Ndipo akachomoa spana mfukoni, akaegemeza upande mmoja kwenye uzio, mwingine nyuma ya sikio, akafumba macho.

Mama akamvuta shati. "Inasemaje?"

"Haina tatizo," Baba alisema. "Beringi zake zote nzima."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Walipopata benchi akalala hapohapo, kichwa begani kwa Baba, kinywa wazi, mbele ya kelele kubwa kuliko pampu mia. Baba alilowa upande mzima na hakusogea. Mtu wa lango alipokuja kuwaita alimwona Mama amelala, akageuka, akaenda kusimama mbali dakika kumi zaidi ya muda wake. Mama hutaja dakika hizo kumi kila anaposimulia, kana kwamba anataka yule mtu azisikie.

Ile picha bado ipo ukutani. Chini yake, kwenye kopo la vifungo, kuna gololi moja ya pampu. Mama anasema bila gololi hiyo angeyaona maji yale katikati ya watu arobaini wa basi, Baba akiwa anasinzia pembeni.

Kuna jambo moja tu sijalipata. Kabla hajalala, Mama aliegemeza paji la uso wake kwenye la Baba akamwambia kitu, na hakikuwa kifupi. Mama anasema nimuulize mwenyewe. Nimemuuliza Baba mara tatu, na mara zote tatu hakusikia. Jana nilimfuata na kumwekea paji la uso kabisa, hana pa kukimbilia, nikauliza polepole. Akaondoa kichwa, akachukua bisibisi, akaenda kusikiliza friji.