Punda wa Mama Rukia

Nichekeni tu, hata mimi nimejicheka. Nauza vinyago na picha katika duka la bosi wangu, barabara ya Ndia Kuu. Juzi akaingia mama mmoja, kavaa nikabu, macho tu ndiyo yaonekana. Akasimama mbele ya picha ya punda.

"Mwanangu, hii waionaje?"

Nami kwa mdomo! "Mama, usitupe pesa zako. Hii haikuchorwa, imepakazwa. Kuchora ni kwa mkono, kupakaza ni kwa kiwiko. Tazama punda mwenyewe, kama kochi lililonyeshewa!"

Bosi akatokea ndani. "Ah, Mama Rukia! Waja kuitazama picha yako?"

Rukia ndiye binti ambaye wazee wangu walikuwa waende kuniposea Ijumaa.

Mamake akanitazama, taratibu. "Waambie wazee wako wasije, baba. Ijumaa napakaza."